Kwaheri Uhura: Neno Letu Lilifika Angani, Sisi Je?

Katika nchi ambazo televisheni imekuwamo majumbani kwa miaka mingi, iko desturi moja inayoweza kumstaajabisha mgeni. Mfululizo wa hadithi unaopendwa ukifikia mwisho wake, watazamaji huuaga kama wanaomsindikiza jamaa anayehama kijiji. Wengine huandika barua kuomba usikatishwe, wengine hukusanyika kuvitazama tena vipindi vilivyopita, na wengine huendelea kuuzungumzia hata baada ya miaka hamsini. Jambo hili huonekana zaidi katika hadithi za kubuni za kisayansi, yaani zile zinazotwaa kitu ambacho sayansi inakijua, au inadhani huenda kikawezekana, na kukijengea kisa cha siku zijazo.

Makala haya yanahusu kuagana na mfululizo mmoja wa namna hiyo. Sababu ya kuuleta mbele ya walimu na wanafunzi wa sekondari si kuwafundisha mapenzi ya televisheni. Ni kwamba ndani ya mfululizo huo mlikuwamo kitu chetu, na katika kuuaga yafaa tuulize kitu hicho kilipata nini huko kilikokwenda, na sisi wenyewe tumepata nini.

Mfululizo wenyewe ni Star Trek, uliobuniwa na Mmarekani Gene Roddenberry. Husimulia safari za chombo cha angani kiitwacho Enterprise, chenye mabaharia wa mataifa mbalimbali. Kipindi cha kwanza kilioneshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na cha mwisho, ambacho kilikuwa cha 79, tarehe 3 Juni 1969. Watazamaji walikuwa wamekwisha kuuokoa mara moja kwa barua zao, ukapata msimu wa tatu. Mara ya pili hawakufaulu. Siku 47 baada ya kipindi hicho cha mwisho, binadamu halisi walitua mwezini. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa 5 na dakika 17 usiku wa tarehe 20 Julai 1969. Baadaye zilitengenezwa filamu na mifululizo mingine yenye jina lile lile, lakini kundi la kwanza la waigizaji ndilo lililobaki katika nyoyo za watu.

Wakati huo Kenya na Uganda zilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Zanzibar ilianzisha ya kwake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mtu wa Matiri, wilayani Mbinga, ambako ndiko alikozaliwa mwandishi wa makala haya, hakuwa na la kuaga mwaka 1969. Hata hivyo, bila yeye kujua, neno la lugha yake ya taifa lilikuwa limekwisha kusafiri ndani ya Enterprise kwa karibu miaka mitatu.

Neno hilo ni uhuru. Miongoni mwa maofisa wa chombo alikuwamo mwanamke mweusi aliyesimamia mawasiliano yote, aliyeitwa Luteni Uhura. Kwa maelezo ya mwigizaji wake, Nichelle Nichols, jina hilo lilitokana na kitabu alichokwenda nacho siku ya kufanyiwa usaili, riwaya ya Robert Ruark yenye jina la Uhuru. Waliotunga jina waliibadili irabu ya mwisho ili lisikike kuwa la kike. Mwalimu wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwa kuwa lugha yetu haimtambui mwanamke kwa irabu ya mwisho wa neno. Lakini jina lilikaa, na katika hadithi Uhura ni Mwafrika ambaye Kiswahili ni lugha yake.

Yeyote anayedhani kwamba hadithi za kubuni ni mchezo wa watoto na afuatilie yaliyotokea baadaye. Nichols alitaka kuuacha mfululizo baada ya msimu wa kwanza. Alisimulia mara nyingi jinsi Martin Luther King alivyomsihi abaki, kwa hoja kwamba Wamarekani walikuwa wakimwona mtu mweusi katika kazi ya maarifa, na si jikoni. Alibaki. Mwaka 1977 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilimtumia kuwahamasisha wanawake na watu wasio weupe waombe kazi ya uanaanga. Kundi la watu 35 lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na wanawake 6, akiwamo Sally Ride, na weusi 3, akiwamo Guion Bluford, ambaye mwaka 1983 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kufika angani. Naye Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwezi wa Septemba 1992, alieleza wazi kwamba utotoni alimtazama Uhura akaona kuwa jambo hilo lawezekana. Mtu asiyekuwako aliwafungulia njia watu waliokuwako.

Nichelle Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022. Tarehe 8 Januari 2024 roketi ya Vulcan iliruka kutoka Cape Canaveral, na ndani ya sehemu yake ya juu ilikuwa imechukua kiasi cha majivu yake, pamoja na ya Roddenberry. Sehemu hiyo iliachana na mvuto wa dunia ikaingia katika njia ya kulizunguka jua. Hivyo ndivyo Uhura alivyoagwa.

Tena, hilo halikuwa neno letu la kwanza kufika huko. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru wake, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitalia walilijenga baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo na wenyeji wa mahali hapo iliitwa Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Miale hiyo haifiki ardhini kwa sababu hewa inayoizunguka dunia huimeza, na ndiyo maana ililazimu chombo kipande juu ya hewa. Malindi ilifaa kwa kuwa iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilometa 1,670 kwa saa kabla haijachoma hata tone la mafuta. Satelaiti hiyo iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na ilisaidia kuonesha kwamba kimoja kati yao, Cygnus X-1, ni shimo jeusi, yaani masalia ya nyota yenye mvuto mkubwa kiasi kwamba hata nuru haitoki. Kiongozi wa uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Basi neno letu limefika angani mara mbili, mara moja katika hadithi na mara moja katika sayansi yenyewe. Inafaa tuone fahari. Lakini fahari hiyo haina budi kufuatwa na swali. Je, mwanafunzi wa Matiri anaweza kueleza kwa ufasaha, kwa lugha hiyo hiyo iliyotoa neno uhuru, satelaiti ya Uhuru ilifanya kazi gani?

Katika Star Trek kuna kipindi kimoja, kilichooneshwa tarehe 29 Septemba 1967, ambacho ningependa kila mwalimu wa Kidato cha Kwanza akifahamu. Mtambo fulani wa angani unafuta elimu yote iliyomo kichwani mwa Uhura. Hana budi kufundishwa kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Muuguzi wa chombo anaketi naye mbele ya maandishi ya Kiingereza. Uhura anasoma maneno machache, kisha anakwama. Uvumilivu unamwishia, na maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza. Analifikia neno lenye maana ya rangi ya buluu, naye analitamka mpaka irabu ya mwisho, kama ambavyo angefanya mtu yeyote aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili.

Yamkini watazamaji wa Marekani walicheka. Mwalimu wetu hawezi kucheka, kwa kuwa tukio hilo hulishuhudia kila mwezi wa Januari. Mtoto aliyefaulu vizuri darasa la saba, aliyekuwa akijibu maswali ya sayansi kwa kujiamini, anaingia Kidato cha Kwanza na kunyamaza. Pengine nyumbani husema Kimatengo, au Kinyasa kama ametoka mwambao wa ziwa. Kiswahili alikipata mapema akakimiliki. Sasa anakabidhiwa fizikia, kemia na biolojia katika lugha ya tatu. Hakuna mtambo uliomfuta elimu yake. Bado anajua kwa nini maji ya mtungi hupoa na kwa nini mbegu hunyauka. Alichopoteza ni njia ya kukisema anachokijua. Katika hadithi, daktari wa chombo anaahidi kwamba Uhura atarudi kazini baada ya juma moja. Mwanafunzi wetu naye hupewa majuma machache ya Kiingereza cha kuvukia, kana kwamba ahadi ya daktari yule ilikuwa kweli.

Jambo hili si geni kwa taifa. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwaka 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua tena mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, lakini hadi leo masomo ya sayansi sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Wala haiwezi kusemwa kwamba hatuna istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Upungufu wetu ni wa matumizi, kwani istilahi isiyotamkwa darasani hubaki ndani ya kamusi kama jembe lililoning'inizwa ukutani.

Natoa mfano wa nyumbani. Katika milima ya Umatengo wakulima hulima kwa ngoro. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi zifanye miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi, na hivyo hupatikana shimo lililozungukwa na matuta. Maharage au mahindi hupandwa juu ya matuta. Mvua kubwa inaponyesha, maji hayateremki mlimani kwa kasi, bali hutuama mashimoni na kunywewa na udongo polepole, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Watafiti kutoka nchi za mbali wamekuja kuuchunguza ustadi huu, na neno ngoro sasa limo katika majarida yao, kama neno uhuru lilivyomo katika orodha za nyota.

Mwanafunzi aliyechimba ngoro pamoja na wazazi wake anaweza kuelezwa kwa Kiswahili, katika kipindi kimoja, kwamba nguvu ya maji yanayokwenda hutegemea mraba wa kasi yake, hata kasi ikipungua kuwa nusu, nguvu hiyo hubaki robo tu. Ataelewa papo hapo kwa nini babu zake walichimba mashimo. Mwanafunzi huyo huyo akipewa fundisho hilo kwa Kiingereza ambacho bado hajakimudu, ataliandika daftarini, atalikariri, atalijibu katika mtihani pengine kwa usahihi, na asijue hata siku moja kwamba linahusu shamba la kwao.

Mfano wa pili uko ziwani. Ziwa Nyasa lina kina cha karibu meta 700, lakini samaki huishi katika tabaka la juu tu, kwani chini ya meta 250 hivi maji hayana oksijeni. Maji ya juu ni ya uvuguvugu na mepesi zaidi, nayo hukaa juu ya maji mazito ya chini bila kuchanganyika nayo kikamilifu. Hapo pana fizikia ya msongamano, kemia ya gesi na biolojia ya viumbe kwa pamoja. Mvuvi wa Mbamba Bay anajua nyavu zake zishuke mpaka wapi. Mwanawe angepaswa kuweza kumweleza sababu jioni, kwa lugha ambayo baba huyo anaielewa. Sayansi isiyoweza kurudi nyumbani na mwanafunzi huishia langoni mwa shule.

Najua pingamizi zilizopo, nazo si za kupuuzwa. Wako wasemao kwamba sayansi ya dunia imeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba kumnyima mtoto lugha hiyo ni kumfungia mlango. Mimi niliyesomea shahada ya uzamivu ng'ambo siwezi kulikana hilo. Bila Kiingereza nisingeisoma. Lakini kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kujifunza fizikia kwa Kiingereza usichokijua ni jambo jingine. La kwanza lahitaji walimu bora wa lugha, vitabu na muda wa kutosha. La pili mara nyingi humwacha mtoto bila Kiingereza na bila fizikia. Wako pia wazazi wanaohofu kwamba shule za watoto wao zitakuwa hafifu ilhali watoto wa wenye fedha wataendelea na Kiingereza. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu sipendekezi kwamba mwalimu wa Matiri aamke kesho na kukiacha Kiingereza, hali mwanafunzi wake atatahiniwa kwa lugha hiyo. Mabadiliko makubwa ni ya kitaifa, na hayana budi kuandaliwa kwa vitabu, mitihani na mafunzo ya walimu.

Hata hivyo yako mambo ambayo hayahitaji kusubiri sera. La kwanza ni kutenga dakika 10 mwishoni mwa kila somo la sayansi, mwanafunzi mmoja asimame na kulieleza somo kwa Kiswahili chake mwenyewe, na wenzake wamhoji. Mwalimu atagundua kwa dakika hizo ni nani ameelewa na ni nani amekariri. La pili ni kuitumia kamusi ya istilahi kama chombo cha maabara, na si pambo la ofisi.

La tatu ndilo linalotokana hasa na Star Trek. Hadithi ya kubuni ya kisayansi ni mtihani mzuri, kwa sababu humtaka msomaji kutenga yanayowezekana na yasiyowezekana. Vyombo vya angani katika mfululizo ule hupita kwa kishindo, ilhali sauti haisafiri mahali pasipo na hewa. Mwanafunzi na aeleze kwa nini. Uhura huzungumza na vituo vya mbali na mara nyingi kupata jibu papo hapo. Lakini mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde. Hufika mwezini kwa sekunde 1.3, hufika sayari ya Mirihi kwa dakika kati ya 3 na 22, kutegemea umbali wake siku hiyo, na kwenye nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua, Proxima Centauri, hufika baada ya miaka 4.2. Mwenye kuuliza "Hujambo?" leo, akijibiwa bila kukawia, atapata jibu lake baada ya miaka 8 na miezi 5 hivi. Hesabu hiyo inafaa Kidato cha Pili, nayo haihitaji televisheni, wala umeme, wala maabara.

Kisha klabu za sayansi ziwape wanafunzi kazi ya kutunga hadithi zao wenyewe. Chombo na kitue juu ya mlima wa Umatengo, au kizame katika vilindi vya Ziwa Nyasa visivyo na oksijeni. Rubani awe msichana wa Kidato cha Tatu. Sharti liwe moja tu, kwamba kila jambo linalokiuka sayansi tunayoijua litajwe na kutolewa sababu. Kazi za wanafunzi bora zibandikwe ubaoni, na magazeti ya shule yazichapishe. Waandishi wetu wa Kiswahili ni mahiri katika riwaya za maisha ya jamii, historia na upelelezi, lakini rafu ya hadithi za kisayansi ingali na nafasi tele. Roddenberry alihitaji neno la Kiswahili ili kumpamba mhusika wake. Sisi tunayo lugha nzima.

Basi, tumuage Uhura kwa heshima. Alifanya kazi yake: aliwaonesha watoto wa nchi ya mbali mahali ambapo wangeweza kufika, na baadhi yao walifika. Lakini hadithi ile ilipomweka mbele ya kitabu cha Kiingereza, yeye aliyepoteza elimu yote alikuwa bado na Kiswahili cha kumtoka kinywani. Mwanafunzi wa Matiri naye anacho. Walimu na tumpe nafasi ya kukisema, tukianza na dakika zile 10 katika somo lijalo.